Mume na Mke Wanapotumwa Misheni: Mwongozo kwa Wanandoa na Makanisa ya Dar es Salaam

Katika barua nyingi za utume nilizopata kuziona, jina la mume huandikwa kwa herufi kubwa pamoja na cheo chake, kisha chini yake hufuata maneno manne: «pamoja na familia yake». Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya maneno hayo manne. Mimi na mume wangu tulitoka Kimara tukaishi miaka 6 miongoni mwa Wadatoga, jamii ya wafugaji, katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, na sasa nimo katika kamati ya misheni ya usharika wetu, ambako kazi yangu ni kuwaandaa wanandoa wanaotaka kwenda mahali pasipofikiwa kwa urahisi. Agano Jipya linawataja Prisila na Akila mara 6, na mara zote 6 majina yao yako pamoja. Wanandoa wanaotumwa ni watenda kazi wawili, na kila hatua inayofuata hapa imepangwa kwa msingi huo.

Hatua ya kwanza: wito uulizwe mara mbili

Kamati isiwahoji mume na mke wakiwa wameketi pamoja katika mazungumzo ya kwanza. Mama mmoja wa kanisa aongee na mke, mzee mmoja aongee na mume, siku tofauti ikiwezekana, na kila mmoja aulizwe mambo yale yale: nini kilichokusukuma, nani anakutegemea hapa Dar es Salaam, una deni gani, unaogopa nini, na iwapo mwenzako angeuliza leo kama tuahirishe, ungejibu nini. Majibu yaandikwe. Baada ya wiki moja wanandoa wabadilishane karatasi zao na kuzisoma nyumbani, bila kamati kuwapo.

Mume wangu aliusikia wito wake mwezi Februari. Mimi nilichukua miezi 8 zaidi, kwa kuwa mama yangu alikuwa mgonjwa na nilikuwa mtoto wa kike pekee aliyebaki karibu naye. Waliotusimamia walisubiri, na kusubiri huko ndiko kuliniwezesha baadaye kuvumilia miezi ya njaa ya mwaka wa pili bila kumlaumu mwenzangu kwamba alinivuta huko. Mke anayesema «nitakwenda kwa kuwa mume wangu anakwenda» hajajibu swali, na mume anayesema hivyo kuhusu mke wake, jambo ambalo pia nimelishuhudia, naye hajajibu.

Wazazi wa pande zote mbili waendewe kabla tangazo halijatolewa kanisani. Ni aibu kubwa kwa mzazi kusikia kutoka kwa jirani kwamba mwanawe anahamia porini na wajukuu. Nendeni na mtu mzima anayeheshimiwa, akiwamo mshenga wenu wa ndoa ikiwa yupo, muwaeleze wazazi nani atakayewahudumia wakiugua na fedha za matibabu zitatoka wapi. Wasimamizi wenu wa ndoa nao wapewe kazi rasmi tangu mwanzo: wawe watu wa kuwapigia simu kila baada ya wiki mbili, wakiuliza habari za ndoa na si habari za huduma.

Hatua ya pili: kuipeleleza nchi, wote wawili, wakati wa mvua

Safari ya kwanza ya kuangalia eneo isifanywe na mume peke yake pamoja na mchungaji. Mwanamume atarudi na habari za barabara, mtandao wa simu na idadi ya watu. Mwanamke ndiye atakayegundua kwamba kisima kiko mbali, kwamba maji yake yana chumvi, na kwamba wanawake wa pale hawaongei na mgeni mpaka watambulishwe na bibi fulani.

Eneo lionwe katika hali yake ngumu. Katika sehemu kubwa ya magharibi, kati na kusini mwa nchi mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, tofauti na vuli na masika tulivyovizoea Pwani. Nendeni Februari au Machi, wakati barabara za udongo mweusi zimegeuka tope, ili mjue ni siku ngapi kijiji hukatika na hospitali. Kuhamia kwenyewe kufanyike Juni au Julai, barabara zikiwa kavu na chakula kipo. Kwa anayekwenda upande wa Manyara, treni ya SGR iliyoanza kutoa huduma mwaka 2024 inafika Dodoma kwa saa chache, na kutoka hapo kuna basi la kupitia Kondoa hadi Babati. Anayependa basi moja kwa moja ataanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi. Sehemu ngumu ya safari huanza lami inapoisha, na hiyo ndiyo ya kupimwa kwa saa na kuandikwa daftarini.

Kaeni huko wiki mbili, mlale katika nyumba ya mwenyeji. Ulizeni pia ni nani mwingine anahudumu pale. Mahali penye mwinjilisti wa dhehebu lingine anayefanya kazi nzuri hapahitaji kanisa la pili lenye waumini kumi waliogawanywa kutoka kwake, na bado kuna vijiji vingi ambavyo hakuna aliyekwenda.

Hatua ya tatu: barua, ofisi na ardhi

Kanisa linalotuma liandike barua ya utambulisho kwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na nakala ziende kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Iambatane na nakala ya cheti cha usajili wa kanisa na vitambulisho vya taifa vya watumishi wote wawili, na majina yote mawili yaandikwe kamili pamoja na kazi ya kila mmoja. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu na kueneza dini, lakini haki hiyo haiondoi wajibu wa mgeni kubisha hodi. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wa kimila waonwe ana kwa ana, na msiende kwao mikono mitupu ya maneno: elezeni mmekuja kufanya nini, kwa muda gani, na mtaishi kwa riziki gani.

Kuhusu ardhi nina ushauri mmoja ambao kamati nyingi hazipendi kuusikia: msiombe kiwanja mwaka wa kwanza. Pangeni nyumba, au mjenge kibanda katika boma la mtu aliyewakubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo eneo mlilopewa na mwenyekiti peke yake, hata akiwa na nia njema, linaweza kuleta ugomvi baadaye. Jamii za wafugaji, wawindaji na waokota matunda zimepoteza ardhi nyingi kwa wageni waliofika wakitabasamu. Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya pamoja ya hakimiliki ya kimila mwaka 2011, na kila mgeni anayefika huko akiwa na futi kamba mkononi anatazamwa kwa sababu wanazozijua vizuri. Aliyekaa miaka 2 bila kudai hata mita moja ya ardhi huaminiwa kwa namna ambayo mahubiri hayawezi kuileta.

Hatua ya nne: fedha

Harambee moja ya kuagana haiwezi kuwatunza watu kwa miaka. Ahadi zinazotolewa kwa machozi siku ya kuwekewa mikono hupungua baada ya miezi michache, si kwa ubaya wa watu, bali kwa kuwa ada za shule na kodi za nyumba za jijini hazisubiri. Njia iliyotufaa ni kuzigawa ahadi kwa jumuiya za mitaani: jumuiya moja inachukua chakula, nyingine mawasiliano na usafiri, nyingine matibabu, na kila moja ina mtu anayekusanya na kutuma kwa simu katika tarehe ile ile ya kila mwezi. Msiondoke kabla ya fedha za miezi 6 kuwapo benki.

Posho igawanywe mara mbili, nusu kwa mume na nusu kwa mke, kila mmoja kwa namba yake. Jambo hili lilizua mjadala mrefu katika kamati yetu, nami ninalishikilia kwa moyo wote, kwa sababu mke wa mtumishi anayelazimika kuomba fedha za sabuni hana nguvu ya kumtembelea mwanamke mwenzake aliye mjane akiwa na kitu mkononi. Kanisa pia lichangie akiba ya uzeeni kwa wote wawili. Mfuko wa NSSF hupokea wachangiaji kutoka sekta isiyo rasmi, hivyo hakuna sababu ya mtu kutumika miaka 20 na kurudi Dar es Salaam akiwa mzee anayelala sebuleni kwa mdogo wake. Kiasi kingine, kinachotosha nauli ya dharura ya familia nzima pamoja na gari la kukodi, kikae peke yake na kisiguswe.

Hatua ya tano: afya

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akafariki pia. Historia imemkumbuka Krapf kwa kamusi na tafsiri zake. Mimi kila nikimwandaa mama mjamzito au anayetarajia kuwa mjamzito, humkumbuka Rosine. Kwa hiyo kanuni ya kamati yetu haina mjadala: mama mjamzito ahudhurie kliniki tangu miezi ya mwanzo, na akifikisha wiki ya 36 awe tayari amehamia karibu na hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji, mume akiwa naye. Kwa upande wa Mbulu tuna hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei mwaka 1955. Popote mnapokwenda, tafuteni hospitali ya namna hiyo na mjue njia ya kuifikia usiku.

Kabla ya kuondoka, familia nzima ipimwe afya, meno yatibiwe, na chanjo zikamilishwe, ikiwamo ya pepopunda. Ulizeni pia daktari kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa mkiwa na watoto. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa. Homa yoyote ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo, na dawa ya mseto itumiwe kwa kipimo kamili baada ya kupima, pasipo kubakiza vidonge viwili kwa ajili ya homa ijayo. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika nzima. Mtoto anayeharisha apewe chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na zikikosekana, lita 1 ya maji safi iliyochanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, huku safari ya zahanati ikiandaliwa. Aliyeumwa na nyoka atulizwe na kiungo kilichoumwa kisichezeshwe; jeraha lisikatwe, lisinyonywe, wala lisifungwe kamba ya kukaza, bali apelekwe hospitali mara moja.

Dawa mlizobeba ni za familia yenu. Najua ugumu wa kumwambia mama mwenye mtoto anayewaka homa kwamba huna dawa ya kumpa wakati sanduku liko chini ya kitanda, lakini mtumishi asiye tabibu anayeanza kugawa vidonge hugeuka zahanati ndani ya mwezi mmoja, na siku mtoto atakapofia mikononi mwake hataweza kujieleza mbele ya Mungu wala mbele ya sheria. Msaada wenu uwe kumbeba mama huyo kwa pikipiki hadi zahanati. Kwa sababu hiyo wote wawili mjifunze kuendesha pikipiki na kupata leseni yake mkiwa bado hapa jijini.

Mizigo na umeme

Vitu vingi vitapatikana mji wa wilaya, kwa hiyo msikodi Fuso. Kinachostahili kununuliwa Kariakoo ni vifaa vya umeme wa jua, kwa kuwa bei ni nafuu na fundi wa kuvijaribu yuko pale pale. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 500 kwa hesabu ya karatasi. Kadirieni 350 kwa sababu ya vumbi, joto na upotevu wa njiani. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 zinakula 100, simu mbili zinakula kama 30, na kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa 3 inakula 150. Jumla ni 280, nanyi mmebaki na akiba kidogo. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, isipotumika chini ya nusu yake, itawavusha siku mbili za mawingu. Bebeni pia jiko banifu la kuni, kwa kuwa kujaza mtungi wa gesi huko ni safari.

Hatua ya sita: lugha, na kwa nini inahitaji watu wawili

Sisi wa Dar es Salaam tuna kishawishi cha kudhani kwamba Kiswahili kinatosha, kwa kuwa kinafika kila ofisi, kila shule na kila mnada nchini. Kinatosha kununua mbuzi. Katika kijiji chetu tuligundua kwamba wanaume na vijana waliosoma walituelewa vizuri, ilhali wanawake wazee, ambao ndio waliokuwa wakiwalea watoto na kushika desturi, walikuwa wakiitikia kwa kichwa tu kwa heshima. Kwa mwaka mzima wa kwanza tungehubiri kwa nusu ya kijiji na kudhani tumehubiri kwa kijiji chote.

Basi pangeni miezi 6 ya kwanza iwe ya lugha, bila kuhubiri hadharani. Kamati ikubali jambo hili kwa maandishi, ili isianze kudai takwimu za waliookoka katika mwezi wa tatu. Tafuteni walimu wawili, mwanamume kwa mume na mwanamke kwa mke, na muwalipe kwa saa kama mwalimu yeyote anavyolipwa. Jifunzeni maneno 10 kwa siku, myarekodi kwenye simu kwa sauti ya mwenyeji, myaandike katika daftari, na jioni mfundishane: mume alichokisikia malishoni na mnadani, mke alichokisikia kisimani na jikoni.

Thamani ya kujifunza wawili tuliiona wazi kwa Wadatoga. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo, na badala yake hutumia maneno mengine ambayo wanawake wanayajua na kurithishana. Mume wangu alikuwa akirudi na neno moja kutoka kwa wazee wa kiume, nami nikirudi na neno jingine kabisa la kitu kile kile, na kwa wiki kadhaa tulidhani mmoja wetu amekosea. Tulipouliza, bibi mmoja alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanieleza ni nani hatajwi katika boma lile na kwa nini. Siku ile ndipo nilipoanza kukaribishwa ndani. Mmisionari mwanamume aliyekwenda peke yake angeweza kuishi pale miaka 10 akiongea lugha ya nusu ya watu, na kutafsiri sala kwa maneno ambayo nusu nyingine haiwezi kuyatamka midomoni.

Wanaokwenda kwa Wahadzabe au kwa Wasandawe wajiandae kwa lugha zenye vidoko, sauti zile za kugonga ulimi ambazo sisi Waswahili huzitumia kuonyesha kuchukizwa, na ambazo kwao ni konsonanti kamili zenye kubadili maana. Zinahitaji sikio, subira na kukubali kuchekwa na watoto.

Hatua ya saba: ndoa chini ya macho ya kijiji

Nyumba yenu haitakuwa na faragha. Watu wataingia alfajiri, watakaa, watatazama mnavyokula na mnavyosemezana, na mtakachokifanya wakati wa kukoseana ndicho watakachokiita Ukristo. Wekeni siku moja kwa wiki ambayo hamfanyi huduma, mkiitangaza kwa wenyeji mapema ili isionekane kuwa dharau, na kila baada ya miezi 3 mwende mji wa wilaya kwa siku 2 mlale mahali penye mlango unaofungwa. Wanandoa wasio na mtoto wajue kwamba wataulizwa kila siku, tena mbele za watu. Waamue pamoja kabla ya kuondoka watajibu nini, na mume ndiye atangulie kujibu, ili mke asibebe swali hilo peke yake.

Watoto wa shule wapatiwe uhamisho rasmi kabla ya muhula kuanza. Kama shule ya kijiji iko mbali mno, zungumzeni kwa uwazi kuhusu bweni au ndugu wa kuwalea, na mkikuta kwamba hakuna jibu linalowatuliza wote wawili, hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchagua kijiji kingine.

Picha na misaada

Msitume picha za watu walio nusu uchi au watoto wenye njaa katika makundi ya WhatsApp ya kanisa ili kuchochea michango. Ombeni ruhusa kwa kila picha na mweleze itaonwa na nani. Vivyo hivyo unga, nguo na chumvi visigawiwe siku ya ibada. Wakati wa njaa msaada upitie serikali ya kijiji na umfikie kila mwenye shida, aliyebatizwa na asiyebatizwa, kwa daftari moja.

Hatua ya mwisho: kukabidhi na kurudi

Tarehe ya kuondoka ijulikane tangu siku ya kufika, hata kama itasogezwa, na kuanzia mwaka wa tatu kila kazi ifanywe pamoja na mume na mke wa pale pale kijijini ambao mmewalea katika imani. Miezi 12 kabla ya kuondoka, wao waongoze ibada nanyi mkae kwenye viti vya waumini. Makabidhiano yafanyike mbele ya wazee wa kijiji: daftari la fedha, daftari la lugha, pikipiki na deni lolote lililobaki.

Kanisa la Dar es Salaam nalo lijiandae kuwapokea. Wanaorudi wapewe miezi 3 ya posho kamili bila zamu ya kuhubiri, wapimwe afya upya, na waalikwe kueleza habari zao kwa muda wa kutosha, mke akipewa kipaza sauti sawasawa na mume. Sisi tulipoondoka Yaeda funguo za nyumba hatukumkabidhi mwinjilisti aliyebaki. Tulimkabidhi mke wake, naye akazipokea kwa mikono miwili mbele ya boma zima.